Chini ya Majukwaa ya Ukumbi wa Riyadh

Mwezi uliopita, wakati wa chai, mwalimu mwenzangu wa michezo alinionyesha video kwenye simu yake. Wasichana wa chuo kikuu kimoja cha Riyadh walikuwa wakicheza mpira wa vikapu, wamevaa suruali ndefu, wengine wamejifunga vitambaa kichwani, na majukwaa yamejaa wanawake wanaopiga makofi. Alitaka nione jinsi mmoja wao alivyokuwa akiruka. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Karibu na mstari wa kati, upande wa mlango mkubwa, kulikuwa na mbao kumi na moja zenye rangi iliyokoza kuliko nyingine. Baba yangu ndiye aliyezipachika, amepiga magoti, na mimi nimekaa kando nikimpitishia nyundo. Harufu ya vanishi ilinijia puani palepale kwenye chumba cha walimu, mjini Voi, ambako hakuna ukumbi wala sakafu ya mbao. Nilimrudishia simu yake nikamwambia nina kipindi. Sikuwa na kipindi.

Watu wa rika langu wakizungumza habari za utoto wao, mimi huwa mwepesi wa kuuliza na mzito wa kujibu. Nimezoea kusema nilikulia Jeddah, halafu mtu akiuliza palikuwaje, nasema palikuwa na joto. Ni kweli palikuwa na joto. Lakini utoto wangu, ule ninaoweza kuuita hivyo, uliishia katika wiki tano nilizoishi ndani ya ukumbi ule, nikiwa na umri wa miaka minane, na sijawahi kuzisimulia kwa mpangilio mpaka leo.

Nilizaliwa Bani Malik, katika chumba cha ghorofa ya tatu tulichogawana kwa pazia na Anti Nekesa wa Bungoma. Mama yangu, Saumu, ni mtu wa Likoni. Alikwenda Jeddah kufanya kazi ya nyumbani kwa madam mmoja wa Al-Rawdah, akakaa humo ndani miaka miwili, kisha akamtoroka kafili wake, yaani yule mwajiri aliyeshika pasipoti na karatasi zake zote. Tangu hapo akawa anasafisha nyumba za watu kwa siku, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Baba, ambaye kila mtu alimwita Mghendi, alitoka Wundanyi. Alikuwa mlinzi, na yeye karatasi zake zilikuwa safi. Kampuni ilimhamishia Riyadh kulinda ukumbi wa michezo wa chuo kikuu, kwa hiyo nilimwona mara chache kwa mwaka. Yeye Mkristo, mama Mwislamu. Ndoa yao ilikuwa ahadi yao wawili, na katika nchi ile ahadi ya namna hiyo ilikuwa kosa la kufungwa. Mimi sikuwa na cheti cha kuzaliwa wala ikama, yaani kibali cha kuishi nchini, na shule niliijua kwa kuwatazama watoto wengine wakishuka ngazi na mikoba yao.

Baba alipokuja alikuwa na mchezo wake. Ananikalisha juu ya meza na kuniuliza, "Unamjua Nekesa?" Nasema, "Simjui." "Unamjua Saumu?" "Simjui." "Na mimi je?" "Wewe hata sikujui." Hapo ananipa peremende. Anti Nekesa alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo. Mama hakuwahi kucheka.

Asubuhi moja mama alinisuka nywele, akaweka shanga nyekundu na nyeupe kwenye ncha za misuko, akashuka kwenda kuchukua teksi ya pamoja ya kwenda Al-Rawdah. Hakurudi. Anti Nekesa alipanda ngazi saa sita mchana, amevua viatu ameshika mkononi, akakaa sakafuni nyuma ya mlango. Aliniambia, "Mama ameenda tarhil."

Kiarabu nilikijua kutoka kwenye katuni za televisheni. Neno *rihla*, safari, nilikuwa nalijua vizuri; watoto wa katuni walikuwa wanakwenda *rihla* kila wiki, na mikate ndani ya vikapu. Nikadhani tarhil ni aina nyingine ya safari, kubwa zaidi, na kwamba mama amekwenda na kuniacha kwa sababu nafasi ilikuwa moja. Nilimkasirikia vibaya sana. Wala sikulia. Nilikuwa nafikiria maneno nitakayomwambia akirudi na zawadi. Kwamba tarhil ni mahali wanapowekwa watu wasio na karatasi wakingoja kurudishwa kwao, hilo sikulijua, na hakuna aliyenifafanulia.

Baba alikuja siku ya tatu. Anti Nekesa naye hakuwa na ikama, hakuweza kubaki na mtoto anayeulizwa-ulizwa na majirani. "Mchukue, Mghendi," alimwambia. "Wanazunguka huku kila siku. Wakinishika mimi, huyu atabaki kwenye ngazi." Tukapanda basi la Riyadh, mwendo wa siku nzima wa jangwa lisilo na kitu cha kutazama. Kwenye kizuizi askari alipopanda kuangalia karatasi, mwanamke wa kiti cha jirani, ambaye hatukuwahi kusema naye neno, alinivutia kwake akanifunika kwa baibui lake mpaka askari alipopita. Kisha akaendelea kula karanga.

Ukumbi nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni msikiti, kwa jinsi kuba lake lilivyokuwa kubwa. Ndani, viti vilipanda safu juu ya safu pande zote nne mpaka vile vya juu kabisa vikawa kama meno ya kitana. Katikati ilitandazwa sakafu ya mbao inayong'aa kama maji yaliyotulia, na mionzi ya jua ilishuka kutoka madirisha ya juu ikalala juu yake. Wanafunzi walikuwa likizo ya kiangazi. Milango ya mbele ilifungwa kwa minyororo. Baba alikuwa mlinzi na pia mtunzaji wa ile sakafu, na chumba chake kilikuwa chini ya majukwaa ya upande wa mashariki, kati ya nyavu, mafagio mapana na mikebe ya vanishi. Dari lake lilikuwa ngazi zilizopinduliwa, kwa hiyo upande mmoja baba alisimama wima na upande mwingine hata mimi niliinama.

Masharti yalikuwa machache. Nitembee kwa soksi. Nisipige kelele. Mudir, yaani meneja wa ukumbi, akija asubuhi kukagua, niingie nyuma ya magodoro ya mazoezi na nisitoke mpaka baba aite. Na nisidundishe mpira, kwa sababu mpira ukidunda mle ndani ulisikika mpaka barabarani. Basi nilicheza kwa kuubiringisha. Niliusukuma kutoka goli moja hadi jingine, nikaufuata kwa kuteleza na soksi, nikausukuma tena. Nilikuwa nacheza mchezo wa vikapu bila kuwahi kutazama kikapu.

Mtu wa tatu mle ndani alikuwa Ami Idris, fundi wa mitambo ya hewa baridi. Alikuwa Msudani, mrefu, mwembamba, na mistari mitatu ya kuchanjwa kwenye kila shavu, na ikama yake, alivyokuwa akisema, ilikuwa na umri mkubwa kuliko mudir. Siku niliyofika alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, akamgeukia baba na kumwambia kwa Kiarabu, "Umetuletea balaa." Hakujua kwamba naelewa. Tangu siku hiyo nilimchukia, kwa chuki ile safi ambayo ni mtoto tu anaiweza.

Lakini hakukuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza. Kila asubuhi alifuta vumbi kwenye picha zilizopangwa ukutani katika ujia wa wachezaji, timu za miaka yote, wanaume wenye masharubu na kaptula fupi, na kila alipofuta moja aliizungumzia, bila kunitazama, kama mtu anayeongea na kioo. Mimi nilikuwa nakaa chini, mgongo ukutani. Alisema mahali pale palikuwa uwanja wa changarawe, na wanafunzi walicheza juani mpaka nyayo zikavimba. Halafu chuo kikaagiza ukumbi. Mbao za sakafu zilishushwa bandarini Jeddah, na yeye, kijana aliyekuwa kuli pale bandarini, akapandishwa kwenye lori pamoja nazo.

"Kila tulipofika kituo tulimwagia turubai maji," alisema, "zisije zikapasuka kwa joto. Sisi wenyewe tulikuwa hatuna maji ya kunywa. Tulipofika wakaniambia, kaa hapa uzilinde mpaka fundi aje. Fundi alikuja baada ya miezi miwili. Halafu wakasahau kuniambia niondoke."

Siku nyingine aliniambia kwamba vita vilipozuka nchi ya jirani, familia zilizokimbia zililazwa pale juu ya sakafu, mamia ya watu, magodoro kutoka goli hadi goli, na mwanamke mmoja alijifungulia katika chumba cha waamuzi. Walipoondoka, sakafu ilikwanguliwa na kupakwa vanishi upya, na hakuna picha hata moja ya siku zile iliyotundikwa ukutani. "Kwa hiyo usijione wewe ni wa kwanza," akasema. Akafuta picha nyingine, kisha akaongeza, "Ila wale walikuwa na ruhusa."

Nilimwuliza kama wanawake huja kutazama mpira.

"Mafi," alijibu. Hakuna. "Tangu wavipachike viti hivi hakuna mwanamke aliyekalia hata kimoja kutazama mchezo."

Sijui ni nini kilichonishika. Siku ileile, baba alipokuwa nje, nilipanda majukwaani nikaanza kuvikalia. Niliketi kimoja, nikahesabu mpaka tano, nikahamia cha pili. Kila siku safu mbili. Nilikaa wima, mikono magotini, nikitazama sakafu tupu, na nilijiona nafanya jambo kubwa. Nilikuwa nimepanga kumwambia mama kwamba yeye amekwenda safari, lakini mimi nimekalia ukumbi mzima.

Baba alipigiwa simu mchana mmoja na mwanamke wa huko tarhil aliyeficha simu ndani ya nguo. Alimpa mama aongee. Baba alisimama ameegemeza paji la uso kwenye saruji ya ukuta, nami nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya mama ikitoka ndogo, kama iliyo ndani ya kopo.

"Nimeshawaambia nina mtoto," alisema. "Nileteeni. Jina langu li kwenye orodha, siku yoyote wanitia ndegeni. Nikenda bila yeye, Mghendi, huyo mtoto hutamtoa nchi hii maisha."

"Natafuta njia," baba alisema.

"Njia ni kumleta mlangoni."

"Atakayemleta ataulizwa yeye ni nani wa mtoto, Saumu."

"Najua," mama akasema, na simu ikakatika.

Ndipo baba alipoanza zile mbao kumi na moja. Maji ya kiyoyozi yalikuwa yamezivimbisha tangu mwaka uliotangulia na hakuna aliyemsukuma kuzitengeneza wakati ule. Alizing'oa, akakata nyingine, akazipachika moja moja, akisugua na kusugua. Hakuwa anakula. Mimi niliona anafanya kazi kwa bidii nikafikiri anafurahi niko naye, na nilijitahidi kumpitishia vifaa haraka kabla hajaniomba. Leo namwona vingine yule mtu aliyepiga magoti. Alikuwa anatafuta kazi isiyo na mwisho. Akijitaja kuwa baba yangu, yeye na mama wangeweza kuhukumiwa kwanza kabla ya mtu yeyote kurudishwa kwao, na mimi ningewekwa sijui wapi. Asipojitaja, mama angeondoka bila mimi. Alichagua kusugua mbao, siku baada ya siku, na mimi nikampenda kwa hilo.

Kisha ikatokea asubuhi ya mudir. Nilikuwa nyuma ya magodoro, na kwenye upenyo nilimwona amesimama katikati ya uwanja na Ami Idris, baba akiwa nyuma yao. Mudir alishika kitu kidogo kati ya vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga. Akasema maneno nisiyoyasikia. Ami Idris akanyoosha mkono, akaonyesha upande wetu, upande wa mlango wa chumba chetu hasa. Kisha akaweka kiganja kifuani, akainama, akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Mudir akaondoka. Baba alipoingia chumbani uso wake ulikuwa umepauka. Alisema, "Unaondoka Alhamisi."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Niliona kwa macho yangu mkono ule ulionyooshwa. Amesema, nilijiambia. Yule mzee ametusema.

Ilikuwa ajabu kwangu, kwa hiyo, nilipoambiwa kwamba Ami Idris ndiye atakayenipeleka kwa mama. "Kwa nini si wewe?" nilimwuliza baba.

"Mimi niko kazini."

"Naye hayuko kazini?"

Alikuwa ananifumua nywele. Alitoa shanga zote akazitia mfukoni mwake, akajaribu kunisuka upya, na kwa kuwa hakujua kusuka alinivuta mpaka machozi yakanitoka. Aliniambia, "Ukifika pale, muulizie mama. Taja jina lake lote. Saumu Hamisi Juma."

"Na wakiniuliza baba yangu?"

Mikono yake ilisimama kichwani mwangu. "Unajua la kusema," akasema.

Habari za Ami Idris hakunipa hata neno. Nafikiri hakuwaza kwamba kuna haja. Alitusindikiza mpaka mlango wa nyuma, akanikumbatia haraka kama mtu anayepima uzito wa gunia, akarudi ndani. Nilisikia fagio lake likianza kabla hatujafika barabarani.

Ndani ya basi Ami Idris alinipa kiti cha dirishani. Alikuwa na mayai ya kuchemsha, mikate na maji ya matunda, kila kitu kwenye mfuko mmoja wa plastiki pamoja na nguo zangu. Sikula. Aliniuliza kama nasikia baridi, nilitazama dirishani. Aliniuliza kama nimewahi kuiona bahari, nikanyamaza vilevile. Mwishowe alilala mdomo wazi, lakini kabla ya kulala alichukua ncha ya ukanda wa gauni langu akauzungusha kwenye kidole chake, ili nikisimama aamke. Nilikaa safari nzima nikiutazama ukanda ule na kidole kile chenye ukucha mweusi wa grisi.

Tulifika mlango wa tarhil wa Jeddah asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Palikuwa na kibanda cha askari na kivuli cha bati. Ami Idris alivua kofia yake. Alimsalimu askari kwa salamu ndefu, akatoa ikama yake mwenyewe bila kuulizwa, akaiweka juu ya kaunta.

"Huyu ni binti wa mwanamke aliye ndani, Mkenya," alisema. "Nimetumwa nimlete, asiachwe mama yake akisafiri."

"Umetumwa na nani?"

"Na jamaa zake."

"Jamaa gani? Taja jina."

"Mimi ni mzee tu," Ami Idris alisema. "Watu wananiamini na vitu vyao. Muulizeni mama, mtaona mtoto ni wake."

Askari aliitazama ile ikama, akaitazama mara ya pili, kisha akatoka nje ya kibanda na kuchuchumaa mbele yangu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa kijana, na alinyoosha kidole kwa upole kuelekea kwa mzee.

"Binti, unamjua huyu?"

Ami Idris aliniangalia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu anayemsaidia mtoto kuanza kusoma.

"Simjui," nilisema.

"Humjui?"

"Simjui."

"Umekujaje hapa, basi?"

"Amenichukua," nikasema.

Lilikuwa neno la kweli, na hakuna neno baya kuliko hilo ambalo ningelichagua. Askari alisimama. Aliita wenzake wawili. Ami Idris hakupaza sauti. Alisema, "Mtoto ameogopa tu, jamani," kisha akaniambia mimi, taratibu, "Wakesho. Sema, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina. Mmoja wao alipomshika mkono, aliinama akaweka ule mfuko wa plastiki chini karibu na miguu yangu, akaunyoosha usianguke. Kisha wakaingia naye kwenye mlango wa upande mwingine.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilisema vile kwa sababu nilifundishwa. Nilifundishwa, ndiyo, na mchezo ule niliujua vizuri. Lakini nakumbuka pia nilichokisikia kifuani mlango ulipofungwa nyuma yake, na sitaki kukipamba. Nilifurahi. Nilifikiri, na wewe sasa uonyeshwe kidole.

Mama alikuwa katika chumba kikubwa kilichojaa wanawake na mikeka. Alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa mwendo kabla ya sura. Alinishika, akaninusa shingoni na kichwani, akauliza, "Nani amekusuka hivi?" halafu akaanza kulia. Aliponiuliza nani amenileta nilisema, "Mtu." Hakuuliza tena. Tulikaa mle siku sita, kisha tukapelekwa uwanja wa ndege, na hivyo ndivyo nilivyokwenda kwetu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Baba alirudi baada ya miaka minne, mvi zimemjaa. Walihalalisha mambo yao, wakakaa Voi pamoja, kila mmoja na dini yake, na nilimwona akizeeka vizuri. Nilipokuwa kidato cha tatu nilipata ujasiri wa kumwuliza, tukiwa tunapukuchua mahindi uani, kwa nini alimwamini mtu aliyetusema kwa mudir.

"Nani alitusema?"

"Ami Idris. Nilimwona akionyesha mlango wetu."

Baba aliweka gunzi chini. Akanieleza kwamba mudir alikuta ushanga mwekundu kwenye kiti cha safu ya juu na kuuliza kuna mwanamke gani humu ndani. Ami Idris akajibu kabla baba hajafungua mdomo. Alisema ni wa mjukuu wake, binti wa mwanawe, amempitisha kumwona babu yake, na amemficha kwenye stoo ile pale. Akaomba radhi. Mudir akampa mpaka Alhamisi amtoe. "Ndiyo maana ilibidi aende yeye," baba alisema. "Kama ningeondoka mimi na mtoto, mudir angejua. Na mimi..." Hakumalizia. Alichukua gunzi jingine.

"Ikawaje kwake?"

"Walimshikilia. Walisema mtoto si wake, kampata wapi. Mudir naye akasema kumbe alimdanganya, akamkana. Alikaa ndani miezi, sijui mingapi, halafu wakamrudisha Sudan. Sanduku lake lilibaki kwenye chumba cha mitambo. Nililituma kwa mtu wa Omdurman. Sijui kama lilifika."

"Hukwenda kumsemea?"

"Sikwenda," baba alisema.

Aliamini mpaka kufa kwake kwamba Ami Idris aliangamia kwa sababu yeye hakwenda. Nilikuwa na neno la kumpunguzia mzigo ule, na miaka yote sikulitoa. Ningelitoa, ungekuwa wangu.

Tulimzika Wundanyi, miaka miwili sasa. Siku ya nne watu wakiwa wameanza kuondoka, tulikuwa jikoni mimi na mama, yeye anasuuza vikombe, mimi navipangusa. Nikamwambia. Nilimweleza yote, kuanzia viti mpaka lile neno amenichukua. Hakugeuka. Aliendelea kusuuza kikombe kilekile.

"Waliniuliza na mimi," alisema.

Sikumwelewa.

"Kesho yake asubuhi. Alinijia askari mwanamke. Akanambia, yuko mzee wa Kisudani tumemzuia, asema alikuletea mtoto wako. Wamjua? Ukisema wamjua, twamwachilia aende zake. Na wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu." Alikiweka kikombe chini. "Na kweli nalikuwa simjui, simjui kwa sura wala kwa jina. Lakini nalijua atoka kwa baba'ko. Nguo zako zalikuwa zanuka ile rangi ya mbao. Nikafikiri, nikisema namjua, wataniuliza wamjuaje, wavute mpaka wamfikie Mghendi. Nikasema simjui."

Nje watu walikuwa wakikunja turubai. Mama alijifuta mikono kwa kanga, akakaa kwenye kibao, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nianze kuzungumza.

"Nataka nimwombee dua," alisema. "Ikiwa yu hai, ikiwa amekufa. Miaka yote hii naomba bila jina. Wamwitaje?"

"Idris," nilisema.

"Idris bin nani?"

Nilifungua mdomo. Nilizijua kucha zake, nilijua alifikaje Riyadh juu ya lori la mbao, nilijua kuna aliyejifungulia chumba cha waamuzi. Mama alikuwa amekwisha kuinua mikono, viganja vikiangalia juu, akingoja nimtajie. Jina la baba yake sikulijua. Sikuwahi kumwuliza.